Sukari Haijavuka Mstari, Mishipa Je?

Toleo lililopita, nikimjibu msomaji aliyelalamikia ganzi ya miguu, niliandika kwa kupitia tu kwamba mishipa ya damu huanza kuumia kabla maabara haijamwita mtu mgonjwa wa kisukari. Barua zilizofuata zimejaa meza. Wengi mlikuwa hamjalisikia jambo hilo, na baadhi yenu mmekasirika, kana kwamba nimewaongezea ugonjwa ambao hamkuuomba. Basi ukurasa wote wa leo ni wa mishipa. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 43. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.3, na kile kipimo cha miezi mitatu kikatoka asilimia 6.0. Nikaambiwa sina kisukari, nipunguze vitamu, nirudi baada ya mwaka. Niliondoka na furaha yangu. Sasa wewe unaandika kwamba mishipa inaumia. Kama sina ugonjwa, kinachoniumiza ni nini?

Marahaba. Tuanze na huo mstari uliokupa furaha, kwa sababu watu huuamini kupita kiasi.

Kwa sukari ya kabla ya kula, kisukari huanzia 7.0, tukihesabu kwa milimoli kwa lita. Lakini mpaka mwaka 1997 kilikuwa kinaanzia 7.8. Mwaka huo kamati ya Chama cha Kisukari cha Marekani iliushusha mstari, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999. Mfikirie mtu aliyekuwa na 7.3 siku zile: alilala mzima akaamka mgonjwa, na mwilini mwake hakuna kilichobadilika. Na walioichagua 7.0 walitazama nini? Walitazama macho zaidi ya kitu kingine. Walitafuta kiwango ambacho ukikipita, madhara kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, yanaanza kupanda kwa kasi. Kwa kazi hiyo ni mstari mzuri sana. Mishipa ya moyo haikuulizwa.

Hata hapo chini ulipo wewe, wakubwa hawajaafikiana. Shirika la Afya Duniani linahesabu hali ya kuelekea kisukari kuanzia 6.1, Wamarekani, tangu mwaka 2003, wanaihesabu kuanzia 5.6. Kwa kipimo cha miezi mitatu, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo na ambacho karatasi ya maabara huandika HbA1c, Wamarekani wanahesabu asilimia 5.7 hadi 6.4. Wewe na 6.3 yako na 6.0 yako umo ndani kwa hesabu zote. Aliyekuambia huna kisukari alisema kweli, ila sentensi yenyewe hakuimaliza.

Sasa kinachoumia. Ndani kabisa ya kila mshipa wa damu kuna utando wa safu moja tu ya seli, unaoitwa endotheli. Watu wengi huiwaza mishipa kama mabomba, na ugonjwa wake kama uchafu unaojikusanya mpaka bomba linaziba. Bomba halina kazi nyingine ila kupitisha. Utando huu unafanya kazi usiku na mchana: unaamua mshipa upanuke au ubane, unazuia damu isigande humo ndani, na unazuia chembe nyeupe za damu na lehemu (kolesteroli) zisijipenyeze ukutani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa kwa gesi, oksidi ya nitriki, ambayo utando huitengeneza wenyewe na ambayo hudumu sekunde chache tu. Lazima itengenezwe upya kila wakati. Uzalishaji ukilegea leo, mshipa unajua leo.

Sisi matabibu tulichelewa kuuheshimu utando huu. Mwaka 1980 Robert Furchgott, mtaalamu wa dawa wa New York, alieleza pamoja na mwenzake John Zawadzki jambo lililokuwa limewasumbua. Walikuwa wakining'iniza vipande vya mshipa mkuu wa sungura na kuvitilia kemikali iitwayo asetilikolini. Vipande vingine vililegea, vingine vikakaza, na dawa ni ile ile. Tofauti ilikuwa mikononi: vipande vilivyosuguliwa upande wa ndani wakati wa kutayarishwa vilikuwa vimepoteza utando wao, na bila utando mshipa hausikii amri ya kulegea. Kutokana na hapo ndipo ikaja kujulikana ile gesi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Kumbe vyuo vingi vilikuwa vikifundisha, hadi miaka ile, kwamba utando ule ni bitana.

Jibu lako hasa limo kwenye insulini. Tunaifahamu kwa kazi ya kuingiza sukari misulini, lakini ikifika kwenye utando wa mshipa inaamsha njia mbili kwa mpigo. Njia moja inatengeneza oksidi ya nitriki, mshipa unapanuka. Nyingine inatoa endothelini, ambayo inabana. Kwa mtu mzima njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Mwili unapoanza kuwa sugu kwa insulini, mara nyingi kwa sababu ya mafuta yaliyojaa tumboni na kwenye ini, njia ya kwanza inapoa lakini ya pili inaendelea kama kawaida. Kongosho, likiona sukari haiingii misulini, linamwaga insulini zaidi. Sukari inashuka, maabara inaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Ila insulini ile ya ziada, ikifika kwenye mishipa, inakuta njia ya kupanua imelala na ya kubana iko macho.

Umeona mpangilio wake? Miaka ambayo kongosho linashindana na usugu, sukari haina habari, na mishipa ina habari. Juu ya hapo kuna tindikali za mafuta zinazozunguka kwenye damu, kuna uvimbe wa chini kwa chini unaochochewa na mafuta ya tumbo, na kuna sukari inayoruka juu baada ya mlo kisha ikashuka kabla hujapimwa kesho yake asubuhi. Yote hayo yanazalisha kemikali kali za oksijeni zinazoila oksidi ya nitriki kabla haijafanya kazi.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1990 Steven Haffner na wenzake wa San Antonio, Texas, walitazama nyuma kumbukumbu za watu waliokuja kupata kisukari miaka kadhaa baadaye. Walikuta kwamba hata walipokuwa bado hawana ugonjwa, presha yao, mafuta ya damu yao na insulini yao vilikuwa tayari vimekaa vibaya kuliko vya wale ambao hawakuja kuugua. Mwaka 1999 Enrique Caballero na wenzake wa Boston wakapima mishipa yenyewe, mikubwa na ile midogo ya ngozi. Wenye kisukari mishipa yao ilipanuka kwa shida, hilo lilitegemewa. Wenye hali kama yako nao ikapanuka kwa shida. Na watu ambao sukari yao ni safi kabisa, ila mzazi ana kisukari, nao pia. Ongeza na uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977: karibu nusu ya watu, wakati tu wanagunduliwa kuwa na kisukari, walikuwa tayari na dalili za madhara mwilini.

Kwa hiyo mwaka mzima wa kusubiri sikupi. Mwezi huu huu kapime vitu nilivyomwandikia msomaji anayefuata, na soma pia nilichomjibu yule bwana mwenye hasira.

Shikamoo Mama Daktari. Nina miaka 26. Baba na mama wote wana kisukari. Mimi sukari yangu ya asubuhi ni 5.1 na sina tatizo lolote. Nimesoma kwamba kuna kipimo kinachoonyesha kama mishipa imeanza kuharibika. Naomba unielekeze nikakifanye.

Marahaba mwanangu. Kipimo kipo, na mimi mwenyewe nimelala kwenye kile kitanda wenzangu walipokuwa wakijifunza kukitumia, kwa hiyo nakieleza nikikijua.

Unafika asubuhi tumbo tupu, hujanywa kahawa wala hujavuta sigara. Unalala chali chumba kikiwa kimya, mkono umenyooshwa juu ya mto. Mpimaji anaweka kichwa cha ultrasaundi juu kidogo ya kiwiko na kuutafuta mshipa mpaka kingo zake zijitokeze kwenye skrini, mistari miwili myeupe sambamba, kisha anaganda kwa sababu akitikisika kidogo tu mistari inapotea. Chini ya kiwiko unafungwa mkanda kama ule wa presha. Unajazwa mpaka damu haipiti, na unaachwa hivyo dakika 5. Kufikia katikati vidole vimekufa ganzi, mkono umebadilika rangi, na unaanza kujiuliza kwa nini ulikubali. Halafu wanaachia. Damu inarudi kwa kishindo, joto linashuka mpaka kwenye kucha, na kule juu ya kiwiko utando unatakiwa uitikie msukumo huo kwa kumwaga oksidi ya nitriki. Mshipa wa milimita 4 unatanuka ukafika 4.2 au 4.3. Usipotanuka, au ukatanuka kwa kigugumizi, utando umechoka.

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1992 na David Celermajer na wenzake jijini London, na kimetufundisha mengi. Lakini tazama ukubwa wa kinachopimwa: sehemu mbili tatu za kumi za milimita moja. Usipolala vizuri jibu linabadilika. Siku za mzunguko wako wa hedhi zinalibadilisha. Mpimaji mwingine akishika kile kichwa, linabadilika tena. Kulinganisha kundi la watu na kundi jingine, sawa. Kumwambia binti mmoja wa miaka 26 afanye nini na maisha yake, hapana. Likitoka baya nitakupa ushauri ule ule ambao ningekupa lingetoka zuri. Usikitafute.

Tafuta haya, ambayo hayana mbwembwe. Presha, ipimwe umekaa, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umelala mezani, umetulia dakika 5 na huongei. Na irudiwe siku nyingine, maana presha ya mara moja ni uvumi. Lehemu na mafuta ya damu. Kiuno: chukua utepe, uzungushe juu ya kitovu ukiwa umetoa pumzi, na kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Halafu mkojo wa asubuhi upimwe albumini ikilinganishwa na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo. Hiki wengi hawakiombi na ndicho ninachokipenda, kwa sababu albumini ni protini ambayo vichujio vya figo havitakiwi kuipitisha, na vichujio hivyo ni mishipa midogo yenye utando ule ule tunaouzungumzia. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Ikizidi, irudiwe kabla ya kuogopa, kwa sababu homa, mazoezi makali au maambukizi ya njia ya mkojo hupandisha.

Macho kwa umri wako na 5.1 yako yanaweza kusubiri. Kwa wale walio juu yako, kama yule kaka wa 6.3, nisingeyaacha. Katika mpango mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, picha za ndani ya jicho zilipopigwa, karibu asilimia 8 ya watu ambao bado hawakuwa na kisukari walionekana na mabadiliko ya retina. Ukiiona picha yenyewe hutaisahau: uwanja wa rangi ya chungwa, mishipa imetawanyika kama inavyotakiwa, halafu pembeni vidoa vyekundu vidogo mno, viwili vitatu, mahali ambapo ukuta wa mshipa mwembamba umetuna. Mwenye jicho anasoma herufi zote za ubaoni na hajui lolote.

Daktari, ninyi kazi yenu kututisha. Jana mlisema sukari, leo mnasema hata kabla ya sukari. Kama mishipa imeshaharibika, tufanye nini tena? Bora mtu asijue, aishi kwa amani.

Ndugu yangu, hasira yako ina haki kidogo, kwa sababu tukiwa tunaeleza madhara huwa tunachangamka, tukifika kwenye tiba tunanong'ona.

Kuna uharibifu wa namna mbili. Wa kwanza ni wa utendaji: utando upo, seli ziko hai, ila zinatengeneza oksidi ya nitriki kidogo na zinabana zaidi ya kupanua. Wa pili ni wa umbo: ukuta umeshakuwa mnene na mgumu, lehemu imejijenga ndani, chokaa imeshika. Huo wa pili tunaupunguza kasi, kuurudisha nyuma ni kazi ngumu. Huo wa kwanza unarekebishika. Na watu wengi wanaoambiwa sukari yao imeanza kupanda bado wako zaidi kwenye ule wa kwanza. Ndiyo sababu nasema mapema; ningesubiri uvuke mstari, ningekuwa nakuletea habari zilizochacha.

Unarekebishika kwa njia gani? Kwa msuguano wa damu, kwanza kabisa. Ukitembea haraka, damu inapita kwa kasi juu ya utando, na msuguano huo ndio unaoamrisha seli zitengeneze oksidi ya nitriki. Njia hii haingoji insulini, kwa hiyo hata aliye sugu kwa insulini anaitumia. Miezi miwili mitatu ya mazoezi ya kila mara inatosha kuonekana kwenye kile kipimo cha mkanda.

Na si mambo ya maabara tu. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 ambao sukari yao baada ya kunywa glukosi ilikuwa imepanda lakini haijafika kisukari waliandikishwa. Wengine walibaki na huduma ya kawaida. Wengine wakashughulikiwa kwa chakula, au mazoezi, au vyote viwili, kwa miaka 6. Kisha wakaachwa waendelee na maisha, wakafuatiliwa. Majibu ya miaka 30 yalitoka mwaka 2019. Walioshughulikiwa kisukari kiliwachelewa kwa karibu miaka 4, magonjwa makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 26, madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 35, na kwa wastani waliishi karibu mwaka mmoja na nusu zaidi. Miaka 6 ya jitihada, na mishipa ilikuwa bado inakumbuka baada ya miaka 30.

Kiasi gani? Ule mpango wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2002 kwa watu 3,234, uliwataka wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee au wafanye mazoezi ya namna hiyo dakika 150 kwa wiki. Waliopewa mpango huo kisukari kilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, asilimia 31. Mtu wa kilo 90 hapo anazungumziwa kilo 6 na kidogo. Sikuambii urudi na umbo la ujana.

Na kama unavuta sigara, anza na hiyo kabla ya kilo hata moja. Moshi unaushambulia utando moja kwa moja, sukari iwe juu au chini.

Kuishi kwa amani bila kujua, hiyo ni haki yako. Nakuomba tu ukapime presha.

Daktari samahani kwa swali hili, usilitaje jina. Mume wangu ana miaka 47. Mwaka wa pili sasa mambo ya chumbani hayaendi. Yeye anasema ni mawazo ya kazi, mimi nikafikiri ana mwingine. Amepima sukari, imetoka 6.5 asubuhi, wakamwambia hajafika. Haya mawili yana uhusiano?

Yanaweza kuwa nao, dada, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuvunja nyumba.

Mwanamume anapopata hamu, neva na utando wa mishipa ya sehemu hiyo vinatoa oksidi ya nitriki, mishipa inapanuka, damu inajaa. Gesi ile ile. Sasa ateri za huko zina upana wa milimita 1 hadi 2, wakati za moyo zina 3 hadi 4. Utando ukichoka mwili mzima, zile nyembamba ndizo zinazoshindwa mapema. Kwa wanaume wengi waliokuja kuugua moyo, tatizo la chumbani lilitangulia kwa miaka miwili mitatu. Kwa hiyo mimi, mwanaume wa umri huo akinieleza shida hii, namshika mkono kwanza nipime presha.

Sisemi mawazo ya kazi hayawezi. Yanaweza, na kuna dawa za presha na za msongo zinazoleta hali hiyo pia. Dokezo moja: akiamka asubuhi mambo yako sawa, mishipa ina nafuu na tutazame zaidi kichwa, kama hata asubuhi hakuna, tuitazame mishipa. Aende apime presha, lehemu, mkojo, na daktari aisikilize hadithi yote, ikiwemo kama anabanwa na kifua akipanda ngazi. Hii 6.5 yake irudiwe pamoja na kipimo cha miezi mitatu.

Asinunue vidonge vya nguvu mitaani. Vile halali vinafanya kazi kwa kuikuza ishara ya oksidi ya nitriki, na akivichanganya na dawa za moyo za nitrati presha inaweza kuporomoka ghafla hadi kuua. Anayemwandikia lazima ajue anatumia dawa gani nyingine.

Na mwambie kwa upole. Ukianza na "daktari wa gazetini amesema", hataenda.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jioni natembea nusu saa kila siku. Je, hiyo inatosha? Sukari yangu ni 5.9.

Ile nusu saa ishike, usiiachie mtu. Ila miguu yako inataka kitu kingine mchana. Mtu akikaa saa 3 mfululizo, mshipa mkubwa wa paja unapungua uwezo wa kupanuka hata kama ni kijana mwenye afya, kwa sababu damu ya miguuni inakwenda taratibu na ule msuguano hakuna. Watafiti walipowainua watu hao watembee dakika 5 kila saa, mwendo wa kawaida tu, upungufu huo haukutokea. Kwa fundi hilo linawezekana: pasi iweke upande wa pili wa chumba, vitambaa vya kukata viwe mbali na mashine, vipimo vya mteja vichukue umesimama. Na zile dakika zako za jioni, ukizisogeza ziwe mara tu baada ya mlo, zitaikuta sukari inapopanda.

Nimeuziwa vidonge vya kusafisha mishipa, vina vitamini E na mimea. Nimeambiwa nitumie miezi 6 badala ya kubadilisha chakula. Unasemaje?

Vitamini E ilijaribiwa. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya watu zaidi ya 9,000 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya moyo, zaidi ya theluthi yao wakiwa na kisukari, waliopewa vitamini E au kidonge kitupu kwa zaidi ya miaka 4. Hakukuwa na tofauti, si kwa mshituko wa moyo wala kiharusi. Mimea iliyomo humo siwezi kuihukumu bila kuona kibandiko, lakini aliyekuambia "badala ya" nimeshamhukumu.

Shikamoo. Nilipata kisukari cha mimba kwa mtoto wangu wa kwanza. Baada ya kujifungua sukari ikarudi kawaida, nikaambiwa imeisha. Mtoto sasa ana miezi 14. Bado nahitaji kupima?

Marahaba mama. Ndiyo, na ulitakiwa uwe umeshapima. Aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa karibu mara 10 wa kupata kisukari aina ya pili baadaye kuliko ambaye hakukipata, na mishipa yake iko kwenye orodha hii hii tunayoizungumzia leo hata sukari ikiwa imetulia.

Kipimo cha kuomba ni cha kunywa glukosi gramu 75, kisha sukari ipimwe baada ya saa 2. Hufanywa wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua. Wewe umepitisha, kifanye sasa. Usikubali kuchomwa kidole asubuhi tu ukaambiwa nenda, kwa sababu kuna watu ambao sukari ya asubuhi ni safi na ile ya baada ya saa 2 imepanda. Chini ya 7.8 ni salama. Kuanzia 7.8 hadi 11.0 uko kwenye hali ya kuelekea kisukari. Kuanzia 11.1 ni kisukari, na kitathibitishwa kwa kurudia. Ikitoka safi, rudia kila mwaka mmoja hadi mitatu, na presha na mkojo vipimwe siku hiyo hiyo ili usifunge safari mbili.

Kama unanyonyesha, endelea. Kunakusaidia na wewe. Na ukishika mimba nyingine, mweleze mkunga historia hii siku ya kwanza kabisa ya kliniki, usisubiri wiki ya 24 wanayowapimia wengine.